Bare zenye hatukuomba: namna ya kusafisha kompyuta ya nyumbani mbele ya kuweka memwari



Kila mwaka, wiki mbili tatu mbele ya depo ya memwari, simu yangu inaanza kulia. "Yaya, masini iko nafungula bapage yenyewe." "Yaya, niko natafuta kintu ku Google, inanipeleka fasi ingine." "Yaya, niliweka giga moja asubui, saa sita imeisha, na sikuangalia hata video moja!" Mimi si injiniya wa informatike. Ni mtu wa agronomi, nilisomea udongo na mahindi huko Kasapa. Lakini mu kartye yetu, mtu mwenye anafungua "Panneau de configuration" bila kuogopa anageuka daktari wa masini zote. Nimesafisha za kutosha ili niandike hapa yale yenye ninajibu kila mara ku simu, nipumuzike kidogo.

Ninazungumuzia kompyuta ya nyumbani: ile laptop moja yenye baba anasomea habari, watoto wanachezea, dada anaandikia TFC, na mjomba anakuja kuchapia CV siku ya yenga. Ile njo masini yenye kushika magonjwa mengi, kwa sababu kila mmoja anaweka kitu na hakuna mwenye anaondoa. Majina ya menu nitayaacha mu Kifaransa, sababu njo vile tunayaona ku ekran zetu.

Tuanze na bare yenyewe. Ni ule mstari wenye unajibandika juu ya page, chini ya fasi ya kuandika adrese, wenye kisanduku cha kutafutia na vitufe vya hali ya hewa, michezo na bei za punguzo. Mwanzoni haikuwa kitu kibaya. Google ilitoa ya kwake Desemba 2000, wakati navigateri (kile ndugu zetu wa Tanzania wanaita kivinjari) hazikuwa bado na fasi nzuri ya kutafutia, na watu wengi waliipenda. Google ilikuja kuifunga mwaka 2021. Shida ilianza pale makampuni yalipoona kwamba mwenye kushika kisanduku cha kutafutia anashika falanga. Unatafuta kitu, unabofya tangazo, mwenye tangazo analipa, na sehemu ya malipo inarudi kwa yule mwenye alikuleta. Kwa hiyo ikawa faida kukuleta kwa nguvu. Conduit, kampuni ya Israeli iliyoanza 2005, ilifanya kiwanda kizima: yeyote mwenye alitaka bare yake alitengenezewa. Babylon ilianza kama kamusi ya kutafsiri, tena kamusi ya maana, ikaishia kuwa jina lenye watu wanaliandika ku Google paka kwa kuuliza namna ya kuliondoa.

Na wewe uliipataje? Haikupita ku dirisha. Uliletewa ndani ya kikapu kimoja na kitu chenye ulikuwa unakitaka. Mfano mukubwa ni Java. Kwa miaka mingi Oracle, mwenye Java, ilifungasha bare ya Ask pamoja na marekebisho ya Java. Kisanduku kilikuwa kimekwisha kutiwa alama. Mtu akibonyeza "Suivant, Suivant, Terminer" kama vile sisi wote tunafanya, bare inaingia, na ukurasa wa kwanza unageuka. Juni 2015 Microsoft yenyewe ilianza kuhesabu matoleo ya zamani ya bare ile kati ya programu zisizotakiwa.

Mfano mwingine unaniuma zaidi, kwa sababu unahusu kazi ya wanafunzi. VLC, ile programu ya video yenye kila mtu anayo, ilizaliwa 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris. Ni ya bure, na haina hata tangazo moja. Sasa mwaka 2011 watengenezaji wake walilalamika waziwazi juu ya masite zenye zilichukua VLC, zikaifungia ndani ya paketi moja na bare na takataka zingine, halafu zikalipa matangazo ili zionekane juu mtu akitafuta "VLC". Mtu anafikiri ameshusha VLC. Ni kweli, VLC iko ndani, lakini haikuja peke yake. Site yake ya kweli ni videolan.org. Kwa hiyo amri ya kwanza kabla ya kusafisha chochote: usibofye matokeo yenye yameandikwa "Sponsorisé" unapotafuta programu. Shuka chini, tafuta adrese ya mwenye kuitengeneza.

Leo bare yenyewe imekuwa kitu cha wazee. Internet Explorer, yenye ilikuwa nyumba yake kubwa, Microsoft iliistaafisha tarehe 15 Juni 2022. Lakini ugonjwa ulibadilisha nguo tu. Sasa unakuja kama ekstensio ya Chrome yenye inajiita ya kugeuza PDF kuwa Word, ama inageuza moteri ya kutafutia, ama, na hii njo mengi yenye ninaona siku hizi, inakuja kama notifikasio: site inakuuliza "Autoriser", unabofya ili filamu ianze, na kuanzia siku ile, hata ukifunga Chrome, matangazo yanatoka ku kona ya ekran: "Votre PC est infecté!", "Vous avez gagné". Mama mmoja aliniita akitetemeka, alifikiri virusi vimekula masini yote. Ilikuwa notifikasio ya site moja ya mpira. Dakika moja, ikaisha.

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili, kwa sababu watu wanavichanganya. Kuna programu za kusumbua: zinakuletea matangazo, zinakula mega, zinafanya masini iende kama gari yenye mzigo ku barabara ya Likasi. Zinaudhi, lakini haziibi memwari yako. Na kuna programu za kupeleleza na kuiba. Hizi hazionyeshi kitu. Hazina bare, hazina tangazo. Zinaingia, zinachukua maneno ya siri yenye umehifadhi ndani ya navigateri pamoja na zile kuki zenye zinafanya Gmail na Facebook zikutambue bila kukuuliza tena, zinatuma kwa mwizi, na mara nyingine zinajifuta. Moja yenye ilijulikana sana inaitwa RedLine, ilianza kuonekana 2020. Tarehe 28 Oktoba 2024 polisi ya Uholanzi, pamoja na Wamarekani na wengine, ilitangaza operesheni Magnus yenye ilishika seva za RedLine na za mwenzake META. Zingine za namna ile zimebaki sokoni.

Zinaingilia wapi kwetu? Zaidi ya yote, ndani ya krak. Tuseme ukweli kati yetu. Nani hapa alilipa SPSS? Mwanafunzi ana data za mashamba, ana tarehe ya depo, anatafuta "SPSS crack gratuit", anashusha faili yenye inamwambia: zima antivirusi kwanza, ndipo ufungue. Ile sentensi moja inatosha. Mtu mwenye anakuomba ufunge imbwa mbele aingie nyumbani, unajua anatafuta nini. Kwa sisi wa agronomi sioni hata sababu: R ni ya bure, inafanya ANOVA na zaidi; QGIS ni ya bure, inachora ramani za udongo vizuri tu; Zotero ni ya bure kwa bibliografia; LibreOffice inafungua Word. Najua mapromota wengine wanadai SPSS. Waonyeshe meza zenye R imetoa. Wengi wanaangalia matokeo, hawaangalii jina la programu.

Basi, tusafishe.

Mbele ya kugusa kitu chochote, weka kazi yako fasi ingine. Si ku flashi ya kwanza yenye unaiona mezani, maana kama masini ina virusi vya flashi unavibeba navyo. Jitumie memwari ku email yako, Word na PDF, ama iweke ku Google Drive. Memwari ya kurasa mia bila picha nyingi haifiki hata mega tano, na ile bei ni ndogo kuliko kuandika upya sura ya tatu. Kisha angalia betri: hakikisha imejaa, kwa sababu delestaji ikikuta masini inajirudisha katikati ya kazi, utakuwa na shida mbili.

Jambo la pili, usiishitaki masini bila kosa. Mega zinaisha kwa sababu nyingi. Ingia "Paramètres", "Réseau et Internet", tafuta "Consommation des données". Hapo unaona kila programu imekula ngapi. Mara nyingi nimekuta mwizi ni Windows yenyewe inashusha marekebisho kupitia telefone ya mtu. Dawa yake ni kuandika koneksio ile kuwa "Connexion limitée", ili marekebisho makubwa yangoje siku utakuwa ku Wi-Fi ya kazini. Lakini kama juu ya orodha unakuta jina lenye hulijui, ama Chrome imekula mega mia nane na wewe ulisoma paka email, hapo tuendelee.

Sasa mpango wa kazi. Wale wenye wamelima wanajua majani ya Imperata: ukikata juu tu, ile shina ya chini ya udongo inaotesha tena, na wiki mbili baadaye shamba limejaa. Watu wengi wanaanza kwa kugeuza ukurasa wa kwanza wa Chrome, kesho yake wanakuta umerudi, wanakata tamaa. Umerudi kwa sababu programu yenye inaurudisha iko bado ndani ya Windows. Kwa hiyo tunaanza chini, tunamalizia juu.

Fungua "Panneau de configuration", halafu "Désinstaller un programme". Orodha inakuja. Bofya juu ya safu "Installé le" ili ipangwe kwa tarehe. Hii njo siri ndogo yenye inasaidia kuliko zote. Kumbuka masini ilianza kusumbua lini. Tuseme ni yenga ile mjomba alikuja. Angalia vitu vyote vyenye viliingia siku ile. Utakuta kile chenye aliomba, na kandokando yake viwili vitatu vyenye tarehe moja: kitu cha "Search", cha "Coupon", cha "PC Optimizer", cha "Driver Updater". Viondoe kimoja kimoja. Soma vizuri madirisha ya kuondoa, maana yanageuza maswali ili uteleze: "Voulez-vous conserver la protection?", na kitufe kikubwa cha rangi ni kile cha kubakiza. Kama hujui jina, liandike ku Google mbele ya kuliondoa. Usiondoe vitu vya Intel, Realtek, wala vile "Microsoft Visual C++" vyenye vimejaa orodha. Ni vya lazima, hata kama vinaonekana vingi bure.

Baada ya pale bonyeza Ctrl+Maj+Échap. Inafunguka "Gestionnaire des tâches". Nenda ku "Démarrage". Hapo ni vile vyenye vinaamuka pamoja na masini. Vyenye hujui kazi yake, "Désactiver". Haifuti kitu, inavizuia tu kuamuka, kwa hiyo ukikosea unarudisha.

Sasa leta mfagio. Mimi ninatumia AdwCleaner. Mfaransa mmoja aliitengeneza mwaka 2011, na Oktoba 2016 kampuni ya Malwarebytes iliinunua. Ni ya bure, ni ndogo, haihitaji kuwekwa ndani ya masini: unaifungua, unabofya "Analyser", unangoja dakika chache, inakuonyesha yale imepata, unakubali, masini inajirudisha. Imetengenezwa hasa kwa bare, matangazo na vigeuza-ukurasa. Ishushe ku malwarebytes.com peke yake. Ukiitafuta ovyo utakutana na AdwCleaner za uongo, na hapo utakuwa umemfungulia mwizi mwenye amevaa nguo ya polisi.

AdwCleaner haitafuti kila kitu. Kwa wapelelezi wenye kujificha, Windows 10 na 11 zina chombo chenye watu wengi hawakijui: "Sécurité Windows", "Protection contre les virus et menaces", "Options d'analyse", halafu ile analize ya Microsoft Defender "hors connexion". Masini inazimika na kuamuka mbele ya Windows kufunguka, inajichunguza yenyewe kwa karibu robo saa. Uzuri wake ni kwamba wakati ule mwizi bado amelala: programu yenye haijaamuka haiwezi kujificha wala kujitetea. Fanya hii usiku, betri ikijaa.

Nikiwa hapa: usiweke antivirusi mbili tatu pamoja ukifikiri zitasaidiana. Zinapigana, masini njo inakufa.

Sasa tu njo tunafika ku navigateri. Ndani ya Chrome andika chrome://extensions mu fasi ya adrese. Ondoa kila ekstensio yenye huwezi kueleza kazi yake kwa sentensi moja. Halafu "Paramètres", "Confidentialité et sécurité", "Paramètres des sites", "Notifications": ile orodha ya masite zenye zina ruhusa, zifute zote; zenye unazihitaji zitauliza tena. Angalia "Moteur de recherche" na "Au démarrage". Kama bado haieleweki, tumia "Réinitialiser les paramètres": inarudisha moteri na ukurasa wa kwanza, inazima ekstensio, lakini favori na maneno ya siri yanabaki. Ku Firefox andika about:support, kuna kitufe "Réparer Firefox", kazi ni karibu ile ile.

Kuna mitego miwili yenye inachosha watu. Wa kwanza: umesafisha kila kitu, lakini ukibofya ikoni ya Chrome, page ile ile inafunguka. Bofya ikoni kwa kitufe cha kuume, "Propriétés", angalia mustari wa "Cible". Unapaswa kuishia na chrome.exe na alama ya kufunga maneno. Kama nyuma yake kuna adrese ya site, mwizi alijiandika ku ikoni. Futa ile adrese, "Appliquer". Wa pili: mu menu ya Chrome unasoma "Géré par votre organisation", na ekstensio haina kitufe cha kuondoa. Kama masini ni ya kazi, tuseme umepewa na kampuni ya mine ama na ONG, ile ni kawaida, usiguse, ongea na mtu wao wa informatike. Kama ni laptop yako mwenyewe, hakuna organizasio. Kuna programu yenye imejipa cheo. Andika chrome://policy uone amri gani imewekwa, rudia AdwCleaner, na kama bado iko, hapo mwite mtu mwenye anajua kuingia mu rejista.

Niseme neno juu ya flashi, kwa sababu bila yenyewe kazi yote hii ni bure. Hapa Lubumbashi, safari ya memwari ni hii: laptop ya nyumbani, flashi, sekretaria ya kuchapisha karibu na kampusi, flashi, laptop ya mwenzako, flashi, nyumbani. Masini ya sekretaria inapokea flashi za watu wote, siku nzima. Zamani virusi vilijiamsha vyenyewe flashi ikiingia. Conficker, ya Novemba 2008, ilitumia pia njia ile kuzunguka dunia. Microsoft ilifunga mlango ule, ku Windows 7 na kwa marekebisho ya 2011 ku zile za zamani. Njo sababu virusi vya flashi vilibadilisha ujanja: vinaficha mafaili yako na kuacha vifupisho vyenye majina yaleyale. Unaona "Memoire_final", unabofya, kweli memwari inafunguka, lakini nyuma yake umekiamsha mwenyewe. Dalili ni kamshale kadogo ku kona ya ikoni, ama folda moja yenye haina jina.

Ukikuta vile, usibofye kitu, na usifanye "Formater" kwa hasira: mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Fungua "Invite de commandes", na kama flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ngoja. Mafaili yanarudi kuonekana. Nakili Word na PDF zako, futa vile vifupisho na kila faili lenye kuishia na .vbs, .js ama .exe lenye hukuliweka, halafu sasa formata flashi. Kwa kuchapisha, mimi nina mazoea mawili: ama ninatuma PDF ku WhatsApp ya sekretaria, flashi haifiki pale kabisa, ama ninachukua karte SD ndani ya ile adaptere yake yenye kitufe kidogo cha kufunga pembeni, ninaifunga, masini yao inasoma lakini haiandiki.

Na baada ya kusafisha? Kama ilikuwa paka bare na matangazo, umemaliza, kula chakula. Lakini kama ulifungua krak, ama Defender imekupa jina lenye neno "Stealer", "Spy" ama "PWS", kazi haijaisha, hata kama masini sasa ni safi kama sahani. Mwizi ametoka, lakini na funguo zako. Chukua masini ingine ama telefone yenye unaiamini, geuza kwanza neno la siri la email, kwa sababu kila kitu kingine kinapita pale: Facebook, site ya bursi, dosye ya kuomba kazi. Ndani ya akaunti ya Google tafuta "Vos appareils" na utoe vyote vyenye huvitambui. Kugeuza neno la siri bila kutoa vifaa si hakika kunatosha kwa mtu mwenye aliiba kuki. Halafu weka "Validation en deux étapes". Hii kazi usiiahirishe mpaka nyuma ya depo. Bursi inajibu ku email, na email yenye iko mkononi mwa mtu mwingine inaweza kufutiwa majibu bila wewe kujua.

Kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, kodi yako haikai ndani ya navigateri, kwa hiyo haichukuliwi kwa njia hii, isipokuwa wewe mwenyewe umeiandika ku page yenye imekuomba. Hakuna page ya kweli yenye inaiomba.

Kuna pia upelelezi wa nyumbani wenyewe: mtu wa karibu anakuwekea programu ya kusoma kila herufi unayoandika. Ukigundua vile, fikiria usalama wako mbele ya kufuta, sababu yule mtu ataona kwamba imefutwa. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inahesabu kuingia mu masini ya mtu bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na ile alama yenye umeikuta inaweza kuwa ushuhuda. Piga picha ya ekran kwa telefone ya mtu mwingine.

Laptop za okazyo zenye zinapita Kasumbalesa ni habari yao peke yake. Usifikiri kitu chenye kimetoka kiwandani ni safi kila mara: kati ya 2014 na mwanzo wa 2015 Lenovo iliuza laptop nyingi zenye Superfish ndani, programu ya matangazo yenye ilijiingiza hata katikati ya koneksio zenye kufungwa kama za benki. Na okazyo imepita mikono mingine mingi nyuma ya kiwanda. Mimi okazyo ninaiformata mbele ya kuandika neno la siri hata moja. Nyingi pia zina Windows 7, yenye Microsoft iliacha kuisaidia tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ilisimama ku toleo la 109. Windows 10 nayo, marekebisho yake ya bure ya kawaida yalifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Kama masini haiwezi kubeba Windows mpya, Linux Mint inaenda vizuri ku laptop za zamani, na R na QGIS na LibreOffice zote zinafanya kazi pale.

Mwisho, formati. Ukifanya yote ya juu mara mbili na ugonjwa unarudi, formata, usipoteze wiki. Lakini angalia unamupa nani. Mu mji, mara nyingi ukilipa formati unarudishiwa Windows yenye imeamushwa kwa krak na Office ya krak juu yake, antivirusi ikizimwa ili ile krak isife. Yaani umelipa falanga ili urudi pale ulianzia. Laptop zenye ziliuzwa na Windows 8 na kuendelea, mara nyingi funguo yake ya licence imeandikwa ndani ya karte-mama: ukirudisha Windows ya aina ile ile inajiamsha yenyewe ikipata intaneti, bila krak wala kulipa. Mwambie fundi ashushe Windows ku site ya Microsoft mbele yako, asitumie ile flashi yake ya siku zote. Ni zaidi ya giga tano, na kwa forfe ya telefone inauma. Kwa hiyo sisi watatu wa promosyo tuliishusha mara moja ku koneksio ya kazini, tukaiweka ku flashi moja ya giga nane yenye haifanyi kazi ingine, na inazunguka kwetu kama vile jembe la kuazimana.